Lulu za Bibi

Sonara aliichukua lulu moja ya kidani cha Bibi, akaisugua taratibu kwenye ncha ya jino lake la mbele. Akanyamaza kidogo, akaisugua tena.

"Inakwaruza," akasema. "Si plastiki hii, wala si kioo."

Nilishusha pumzi, lakini hakuwa amemaliza. Aliweka lenzi jichoni, akasogeza taa, akachungulia katika tundu linalopita uzi. Alikaa hivyo muda mrefu, kisha akanirudishia kidani kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole.

"Ni lulu, mwanangu. Ila ni za kufugwa."

Nyumbani walikuwa wananisubiri dada watatu: Mama mkubwa, mama yangu na Mama mdogo. Bibi alikuwa ametangulia mbele ya haki miezi minne iliyopita, na mirathi ilikuwa imekwama kwenye kidani hicho kimoja. Kaka yake Bibi alikileta kutoka Maskati mwaka 1978, katika safari yake ya kwanza ya kurudi Unguja tangu ahame. Tulikua tukiambiwa kwamba lulu zile zilitolewa chini ya bahari ya Ghuba na wapiga mbizi, moja baada ya moja, na kwamba thamani yake ni nyumba. Katika miaka migumu ya 1980 Bibi aliuza bangili zake zote za dhahabu, lakini kidani hakukigusa. Hata mwaka 1996, Mama mdogo alipokosa ada ya chuo cha uuguzi, Bibi alisema lulu haziuzwi. Mama mdogo alirudi nyumbani akaanza kukaanga maandazi. Alikaanga kwa miaka ishirini.

Nilipowaeleza alichosema sonara, Mama mkubwa alipiga makofi mara moja. "Kumbe Mjomba alituuzia mbuzi kwenye gunia!"

Mama mdogo hakusema kitu. Aliinuka akaenda jikoni.

Mimi nilibaki na neno moja la yule sonara: ila. Ni lulu, ila. Nilitaka kujua hiyo "ila" ilitoka wapi, na nani aliiweka.

Nilianza na chaza mwenyewe. Wengi wetu tumeambiwa kwamba lulu huanza na punje ya mchanga. Lakini chaza hukutana na mchanga maisha yake yote, na anajua kuutema. Mara nyingi kinachoanzisha lulu ni kimelea au jeraha kwenye ile nyama laini inayomtengenezea gamba. Sehemu ya nyama hiyo ikisukumwa ndani ya mwili, hujikunja ikawa kifuko, na humo ndani huendelea na kazi iliyokuwa ikiifanya siku zote: kutandaza utando wa kung'aa, tabaka juu ya tabaka. Hiyo ndiyo lulu ya asili. Hutokea kwa nadra mno, ndiyo maana zamani chaza wengi walifunguliwa na kutupwa kabla ya kupatikana lulu moja inayofaa kuvaliwa.

Katika lulu ya kufugwa, anayetia jeraha ni binadamu. Fundi humfungua chaza kidogo tu, humwekea gololi ndogo iliyochongwa kutoka gamba la kombe wa mtoni pamoja na kipande cha nyama ya chaza mwingine, kisha humrudisha baharini. Kinachofuata ni kazi ya chaza peke yake, kwa miezi au miaka. Utando ni ule ule. Tofauti iko katikati, na kama lulu haijatobolewa, hata mtaalamu huhitaji eksirei ili aione.

Aliyeigeuza kazi hii kuwa biashara kubwa ni Mikimoto Kokichi, mtoto wa muuza tambi wa mji wa Toba, Japani. Baada ya hasara nyingi na chaza wengi kumfia, mwezi Julai 1893 yeye na mkewe Ume walipata nusu-lulu iliyoota kwenye gamba. Lulu za mviringo zilichukua muda zaidi, na Wajapani wengine wawili, Nishikawa Tokichi na Mise Tatsuhei, ndio walioonyesha njia ya kupandikiza kile kipande cha nyama mwanzoni mwa karne ya 20. Kufikia miaka ya 1920, lulu za kufugwa za Japani zilikuwa zinauzwa London na Paris.

Wafanyabiashara wa huko walishtuka, na walikuwa na sababu. Mwaka 1917 kampuni ya Cartier ilipata jumba lake la Fifth Avenue, New York, kwa kubadilishana: mwenye jumba alipokea dola 100 na kidani cha nyuzi mbili za lulu za asili, kilichohesabiwa kuwa na thamani ya dola milioni moja. Nyumba kwa kidani! Kwa hiyo hadithi ya familia yetu haikuwa ya kubuni. Ilikuwa tu imechelewa miaka 60.

Walioficha mali yao katika lulu za asili hawakutaka kusikia kwamba chaza anaweza kufugwa kama kuku. Mwaka 1921 huko London lulu za Mikimoto zilishambuliwa kuwa ni bandia. Ugomvi ukafika mahakamani Paris, na mwaka 1924 ikaamuliwa kwamba si bandia. Lakini katika biashara ziliendelea kubeba jina lao la pili, "za kufugwa". Ile "ila" ya sonara ilizaliwa hapo, kwenye maduka ya watu waliokuwa na shehena ya lulu za asili kabatini.

Hapo ningeweza kuacha na kurudi kumtetea Mjomba. Lakini nilitaka pia kuzijua hizo za asili ambazo tuliona aibu kuzikosa.

Nyingi kati ya lulu bora za dunia zilitoka Ghuba: Bahareni, Kuwait, Qatar na pwani ya nchi ambayo leo ni Falme za Kiarabu. Msimu mkubwa ulidumu takriban miezi minne ya joto kali. Kiongozi wa chombo aliitwa nakhoda, neno ambalo kwetu ni nahodha. Mpiga mbizi alibana pua kwa kibanio, akafunga jiwe mguuni, akashuka na kapu la nyavu shingoni. Alikaa chini kwa dakika moja au zaidi kidogo, akavutwa juu kwa kamba, akapumzika, akashuka tena, makumi ya mara kwa siku. Ngozi ilitoka vidonda vya chumvi. Masikio yaliharibika. Malipo yalikuja mwisho wa msimu, baada ya nahodha kukata kile alichomkopesha mwanzoni, na mara nyingi mtu alirudi nyumbani bado anadaiwa. Akifa, deni liliweza kumwangukia mwanawe.

Na wengi wa wapiga mbizi hao walikuwa watu wa huku kwetu, au watoto wao. Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, lakini biashara haikufa siku hiyo. Majahazi yaliendelea kupeleka watu kwa siri, wengi wao watoto, hadi Sur na kwingineko Omani, na kutoka hapo wengine wakauzwa kaskazini zaidi kwenye bandari za lulu. Huko soko la lulu lilikuwa linapanuka kwa sababu wanawake wa Paris na New York walizitaka. Mtumwa alizama kama wengine, ila hesabu ilipofika, fungu lake lilichukuliwa na bwana wake.

Tunalijua hili kwa sababu baadhi yao walisema wenyewe. Katika miaka ya 1920 na 1930, watumwa waliotoroka walifika kwa mawakala wa Uingereza huko Bahareni, Sharjah na Maskati kuomba hati za uhuru, na maelezo yao yakaandikwa na kuhifadhiwa. Ni maelezo mafupi: nilizaliwa wapi, nilichukuliwa nikiwa na umri gani, nani aliniuza kwa nani, nimepiga mbizi miaka mingapi, naomba uhuru.

Nilipofahamu hayo, nilikitazama tena kidani kilichokuwa kwenye meza yangu. Kama kweli lulu zile zingekuwa za Ghuba, za zamani, za asili, huenda moja kati yake ingekuwa imepandishwa na mtoto aliyeibwa kwenye pwani hii hii, kisha ikarudi Unguja kama zawadi. Na sisi tungejivunia.

Sisemi kwamba Mikimoto alimkomboa mtu. Alikuwa mfanyabiashara, alitafuta faida. Biashara ya lulu ya Ghuba ilianguka kwa mambo mawili yaliyokuja pamoja: lulu za kufugwa kushusha bei, na mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929. Manahodha walifilisika. Wapiga mbizi, walio huru na watumwa, walikaa na njaa. Ni kweli kwamba kazi ilipokosekana baadhi ya mabwana waliwaachia watumwa ambao hawakuwa na uwezo wa kuwalisha, lakini kuachiwa ili ufe njaa ni uhuru mchungu. Bahareni mafuta yaligunduliwa mwaka 1932, na kidogo kidogo watu wakapata kazi nyingine. Kile kidani kilichonunua jumba la New York kiliuzwa mnadani mwaka 1957, baada ya mwenyewe kufariki, kwa chini ya dola 200,000.

Kuna jambo jingine ambalo Mama mkubwa hakulijua, ingawa liko mwendo mfupi tu kutoka mjini. Tangu miaka ya 2000, wanawake wa vijiji vya Ghuba ya Menai, kusini-magharibi mwa Unguja, wamekuwa wakifuga lulu. Wanatumia njia ile ile ya mwanzo: kibandiko cha nusu duara huwekwa ndani ya gamba la chaza aliye hai, naye hukifunika kwa utando wake taratibu. Hupatikana nusu-lulu, ambayo hukatwa pamoja na gamba na kufanywa hereni au kidani. Kwao "ya kufugwa" maana yake ni kwamba kuna mtu aliyeitunza.

Nilirudi kwa sonara kumuuliza namna ya kuvitunza vidani kama chetu. Alicheka, akasema watu humuuliza bei, si matunzo. Kisha akanifundisha, na ninaweka hapa kwa atakayehitaji.

Ukinunua lulu, anza na mng'ao kabla ya ukubwa. Iweke kwenye mwanga: ukiona sura ya taa imechorwa wazi juu yake, utando ni mzuri, ikionekana kama chaki, iache. Zungusha kidani kizima uone kama lulu zinafanana, kwa sababu kuzioanisha ndiyo kazi ngumu. Vidoa vidogo visikutishe, kwani lulu isiyo na doa hata moja kwa bei ya chee ndiyo ya kutilia shaka. Uliza wazi: ni za asili, za kufugwa au za kuigiza? Za baharini au za maji baridi? Zimetiwa rangi? Muuzaji mwaminifu atakujibu bila kukasirika.

Lulu ni laini, na asidi huila. Marashi, jasho, siki na sabuni kali ni adui zake. Kwa hiyo jipake na ujifukize kwanza, lulu ziwe za mwisho kuvaliwa na za kwanza kuvuliwa. Zifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Usizichanganye na dhahabu, zitachunwa. Zilaze ndani ya mfuko wa kitambaa, usizitundike, usizifungie kwenye nailoni. Uzi wa hariri ukilegea, peleka zitungwe upya, na fundo liwekwe kati ya kila lulu na mwenzake, ili uzi ukikatika upotee mmoja tu.

Nilipokuwa nasikiliza nilikuwa naona sanduku la Bibi. Kwa miaka 40 na zaidi alikifunga kidani kwenye mfuko wa nailoni, akakinyunyizia marashi, akakificha chini ya khanga zilizofukizwa udi. Lulu tatu karibu na kifungo zilikuwa zimefifia kabisa. Alizipenda, naye ndiye aliyekuwa akiziharibu.

Siku ya kugawana, Mama mkubwa alisema yeye apewe kitanda cha samadari. Mama yangu alichukua cherehani. Kidani kilibaki mezani, bei yake ikiwa imeandikwa kwenye karatasi ya sonara, bei ambayo mwaka 1996 pengine ingelipa ada ya muhula mmoja. Mama mdogo aliisoma ile karatasi mara mbili.

"Miaka yote hii," alisema, "nilidhani Mama alizipenda lulu kuliko mimi kwa sababu zilikuwa nyumba nzima." Akanyamaza. "Kumbe naye hakujua."

Nilimweleza nilichojua kuhusu wapiga mbizi, kuhusu Toba, kuhusu Menai. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Zikivaliwa, zinaharibika?"

Nikamwambia hapana, mradi zifutwe kabla ya kuhifadhiwa.

"Basi nipeni mimi," alisema, akageuka ili nimfungie.