Kivukoni: Pa Kuvukia na Pa Kutawalia

Wahariri wa jarida letu wameniomba niandike historia ya mahali ninapopafahamu. Nimechagua kata ya Kivukoni, katika jiji la Dar es Salaam, kwa sababu mbili. Kwanza, wengi tuliosoma shule hii tulipita pale kila siku ya masomo, na wenzetu waliotoka Kigamboni walivuka kwa pantoni alfajiri. Wanakumbuka kwamba mwalimu wa zamu hakukubali kisingizio cha foleni. Pili, tangu sisi watumishi wa Serikali tuhamie Dodoma, nimesikia watu wakisema kwamba Kivukoni imekwisha. Kwa maoni yangu, wasemao hivyo wamesahau maana ya jina lenyewe.

Kabla ya majengo haya palikuwa na kijiji cha Mzizima, cha wavuvi na wakulima. Kando yake palikuwa na bandari ambayo Mungu aliiumba kwa hesabu: mlango mwembamba, na ndani yake maji mengi yaliyotulia. Bandari hiyo ndiyo iliyomvuta Sultani Majid bin Said wa Unguja, ambaye katika miaka ya 1860 alianza kujenga mji. Nyumba moja ya wakati wake, Boma la Kale, ingali imesimama mpaka leo. Majid alifariki mwaka wa 1870, na mrithi wake, Barghash, hakuujali mji huo. Majengo yakaanza kuota majani, lakini wavuvi hawakuondoka.

Wakaja Wajerumani. Makao yao yalikuwa Bagamoyo, ambako maji ni haba na meli zililazimika kutia nanga mbali na pwani. Mwaka wa 1891 wakayahamishia Dar es Salaam. Ndipo ukingo wa bandari ukapata sura tunayoijua: ofisi zenye kuta nene na veranda pana, miti ya kivuli, kanisa la Kilutheri na kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambayo yote mawili yalimalizika mwaka wa 1902. Upande wa bahari kuu wakajenga hospitali na, kwenye ncha ya Magogoni, nyumba ya gavana.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka wa 1914, Wajerumani walizamisha gati lao la kuelea langoni mwa bandari ili manowari zisiingie. Mwaka huo huo Waingereza wakaupiga mji mizinga, na nyumba ya gavana ikaharibika. Mwezi wa Septemba 1916 wakauteka mji. Mwaka wa 1922 walikamilisha ujenzi mpya wa nyumba ile, wakaipa matao na kuta nyeupe za mtindo wa pwani. Ukingo wa bandari wakauita Azania Front. Jina hilo limebaki kanisani tu. Wananchi waliendelea kuita Kivukoni, kwa kuwa hapo ndipo palipovukiwa.

Nchi ilipokuwa Jamhuri, tarehe 9 Desemba 1962, nyumba ya Magogoni ikawa Ikulu ya Rais wetu wa kwanza. Hatua chache kutoka hapo upo Ukumbi wa Karimjee, ambamo Bunge lilikaa, na ambamo Aprili 1964 Mwalimu Nyerere na Sheikh Karume walibadilishana hati za Muungano.

Lakini tukio linalonifundisha zaidi ni la miezi mitatu kabla ya hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi na kuingia mjini. Rais na Makamu wake, Rashidi Kawawa, waliondolewa Ikulu wakavushwa hadi upande wa Kigamboni. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Siku ambayo ngome ya dola haikufaa kitu, kilichofaa ni kivuko. Mkuu wa nchi alipita njia ya muuza nazi na ya mwanafunzi.

Hiyo ndiyo tabia ya Kivukoni. Ni kata yenye diwani wake kama kata nyingine, ila wanaolala pale ni wachache na wanaoshinda pale ni maelfu. Ukisimama karibu na feri, upande mmoja unaona ukuta wa Ikulu, ambako tausi hutembea kwa madaha. Upande wa pili unasikia dalali wa soko la samaki akinadi jodari na changu, huku waparaji wakirusha magamba na mama lishe wakikoleza moto. Harufu ya samaki wa kukaanga haikupata kuomba kibali kuingia ofisini kwa Katibu Mkuu. Mimi mwenyewe, nilipokuwa ofisa mpya nikijiona mtu mkubwa kwa sababu ya shahada yangu, nilikula mihogo na pweza kwenye benchi moja na wapagazi. Mazungumzo ya benchi lile yalinieleza hali ya nchi kuliko baadhi ya majalada niliyokuwa nikiyapitia.

Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulitolewa na TANU mwaka wa 1973, ukasubiri muda mrefu, kisha ukatekelezwa kwa kasi kuanzia mwaka wa 2016. Ikulu ya Chamwino ilizinduliwa Mei 2023. Uamuzi huo naukubali kwa moyo wote, kwani makao ya nchi yanafaa yawe katikati ya nchi. Mwaka huo huo wa 2016 daraja la Kigamboni lilifunguliwa, na mabasi ya mwendokasi yakaanza kufika Kivukoni. Watu wakadhani pantoni itakosa abiria, nayo haikukosa.

Hofu yangu ni nyingine. Ofisi zikibaki tupu, atatokea mtu wa kusema kwamba majumba ya kale ni uchafu, yavunjwe. Na mwingine atasema ukingo wa bahari ni mali, uzungushiwe ua. Tukikubali, tutakuwa tumefanya jambo ambalo hata gavana hakuliweza: kumwondoa mwananchi Kivukoni. Majengo yale yalijengwa na wageni, ni kweli, lakini mawe yalibebwa na babu zetu, na humo ndani ndimo tulimojifunza kujitawala.

Kwenu vijana mliopo shuleni sasa, nina ombi. Siku moja ya mapumziko nendeni na daftari. Anzieni Boma la Kale, fuateni ukingo mpaka feri, kisha vukeni mrudi. Waulizeni wazee wa sokoni walianza kazi mwaka gani na waliona nini, nanyi mwandike. Watawala wanne wamepita pale katika muda wa karne moja na nusu, kila mmoja akaacha nyumba. Wavuvi hawakuacha nyumba, hivyo habari zao zisipoandikwa zitapotea.

Nasi wazee wa shule tutakaokutana mwaka huu, napendekeza tuanze siku yetu kwa kuvuka na pantoni ya kwanza. Atakayechelewa asisingizie foleni.