Nani Anailinda Oili? Historia ya Turbo Katika Magari Madogo

Mnunuzi wa gari dogo lililotumika, awe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, akionyeshwa injini yenye turbo husikia onyo lile lile: nguvu utaipata, lakini siku ikinoki utalia. Onyo hilo halikuzuka hewani. Injini nyingi za aina hiyo zimekufa kabla ya wakati wake, na fedha nyingi zimepotea kwa kufunga turbo mpya ambayo nayo ikafa miezi michache baadaye. Hata hivyo, ukikifuatilia chombo hiki tangu kilipobuniwa, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, unaona kwamba lawama nyingi hazimwangukii mkosaji. Turbo imesukuma meli na malori kwa miongo mingi bila sifa hiyo mbaya. Ilichafuka jina ilipoingia kwenye gari la mtu wa kawaida, na hoja yangu ni kwamba sababu iko hapo: turbo hudumu mahali ambapo kuna mtu anayejua kuwa kuitunza ni kazi yake, na hufa mahali ambapo kazi hiyo imefichwa asiione mtu.

Mwanzilishi wake ni Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi aliyesajili hataza yake mwaka 1905. Aliona kwamba sehemu kubwa ya joto la mafuta yanayochomwa kwenye silinda hutoka bure kupitia bomba la moshi. Akawaza kuweka gurudumu la mapezi kwenye njia ya moshi huo, liunganishwe kwa shafti moja na gurudumu jingine linalovuta hewa na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaungua na nguvu inaongezeka bila kuongeza ukubwa wa injini. Ilichukua takriban miaka 20 wazo hilo kuzaa matunda makubwa. Mwaka 1926 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilianza kazi zikiwa na injini za dizeli za silinda 10 ambazo turbo ilizipandisha kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500. Lakini melini injini haiachwi peke yake. Kuna chumba chake, kuna mhandisi wa zamu anayetazama joto na msukumo wa oili usiku na mchana, na kuna daftari ambamo kila badiliko huandikwa. Turbo ililelewa katika nyumba yenye walezi, na ndiyo maana hakuna aliyeshangaa ilipodumu.

Sasa tazama kilichotokea ilipohamia kwa mtu asiye na mhandisi wa zamu. Mwaka 1962 Marekani ilipata magari mawili ya kwanza ya abiria yenye turbo yaliyouzwa kwa umma, Chevrolet Corvair Monza Spyder na Oldsmobile Jetfire. Jetfire ndilo lenye fundisho kubwa zaidi. Injini yake ya lita 3.5 ilikuwa na uwiano mkubwa wa mgandamizo, 10.25 kwa 1, na kuiongezea hewa ya turbo kulihatarisha petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda na kutoboa pistoni. Wahandisi walitatua tatizo kwa tangi dogo la maji yaliyosafishwa, methanoli na dawa kidogo ya kuzuia kutu, ambayo yalinyunyizwa kwenye hewa inayoingia ili kuipoza. Kiufundi ilikuwa kazi safi. Kilichoshindikana ni tabia ya watu: wenye magari hawakuzoea kujaza kimiminika cha tatu zaidi ya petroli na oili, wakaacha tangi likauke. Likikauka, valvu ya usalama ilibana hewa na gari likapoteza nguvu zilizomfanya mtu alinunue. Magari hayo yalitengenezwa kwa miaka miwili tu, hayakufika 10,000, na mwaka 1965 kampuni ikawa tayari kuwaondolea wateja turbo na kuwafungia kabureta ya kawaida. Kizazi cha kwanza cha turbo barabarani kilikwama kwenye chupa isiyojazwa.

Saab ya Sweden iliusoma mkasa huo kwa njia yake. Ilipoonyesha Saab 99 Turbo mwaka 1977, haikutafuta kasi ya mashindano; ilifunga turbo ndogo inayoamka mapema, ikaweka valvu ya kupunguza moshi unaoifikia ili msukumo wa hewa usizidi kiasi, na kupata nguvu za farasi 145 kutoka injini ya lita 2 ambayo familia ingeweza kwenda nayo sokoni. Miaka michache baadaye ikaongeza mfumo unaosikiliza injini ikianza kugonga na kupunguza hewa papo hapo. Yaani mashine ilianza kufanya kazi ya mhandisi wa zamu. Lakini adui mmoja hakuzuiliwa na sensa. Shafti ya turbo ndogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande mmoja ukichomwa na moshi wa mamia ya nyuzi joto, na kinachoitenganisha na beringi yake ni utando mwembamba wa oili tu. Dereva akitoka mbio na kuzima injini ghafla, oili husimama wakati chuma bado ni cha moto. Oili hiyo huungua, ikawa masizi magumu yanayoziba vitundu. Siku nyingine shafti inazunguka kavu, na moshi wa bluu unatoka nyuma. Ndiyo asili ya nasaha ya kuacha injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Katika miaka ya 1980 watengenezaji walianza kupitisha maji ya rejeta kwenye kiini cha turbo ili kulipunguza joto hilo, na oili za sintetiki zikasaidia. Hatari ilipungua sana, ila haikwisha.

Japani ndiyo iliyoifanya turbo kuwa kitu cha kawaida, na kupitia Japani ikatufikia sisi. Nissan Cedric ya mwaka 1979 ilifungua mlango, na katika muongo uliofuata hata magari madogo kabisa ya injini za cc 550 yakafungwa turbo. Suzuki Alto Works ya mwaka 1987 ilitoa nguvu za farasi 64, kiwango ambacho watengenezaji wa magari hayo madogo walikubaliana wasikivuke. Afrika Mashariki iliiona turbo vumbini kwanza. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda Safari Rally kwa Toyota Celica yenye turbo, gari la aina hiyo likashinda tena mwaka 1985 na 1986, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan akashinda kwa Celica nyingine ya turbo. Mtu anayesema turbo haiwezi barabara zetu na ajibiwe kwa ushindi huo: joto, matope, mashimo na maelfu ya kilomita havikuizuia. Ila asisahau kilichokuwa nyuma ya gari. Lilifuatwa na mafundi na spea, likakaguliwa kila kituo. Ni meli ya Büchi kwa sura nyingine, mlinzi yupo.

Mgeuko mkubwa ulikuja katika karne hii, na ulisukumwa na sheria. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2009, uliwataka watengenezaji wafikie wastani wa gramu 130 za kaboni dioksidi kwa kilomita ifikapo mwaka 2015, kisha gramu 95. Njia rahisi ya kufika huko ilikuwa kupunguza ukubwa wa injini na kurudisha nguvu iliyopotea kwa turbo. Volkswagen ilitangulia mwaka 2005 na injini ya lita 1.4. Mwaka 2012 Ford ikaleta injini ya silinda 3 ya cc 999, yenye nguvu hadi farasi 125, ikatwaa tuzo ya kimataifa ya injini bora ya mwaka mara tatu mfululizo. Ghafla turbo haikuwa tena chaguo la mpenda mbio. Ilikuwa ndani ya gari la mwalimu na la muuguzi, na mara nyingi nembo nyuma ya gari haikuitaja. Wakati huo huo kazi ya kuitunza ilizidi kusogezwa mbali na macho. Kampuni ziliahidi oili ya kukaa hadi kilomita 30,000 au miaka miwili. Mkanda wa taimingi, ambao zamani ulikaa mkavu nje ya injini, katika baadhi ya injini hizi uliwekwa ndani ukiogelea kwenye oili ili kupunguza msuguano, na kwa Ford muda wake wa kubadilishwa ukatajwa kuwa miaka 10 au kilomita 240,000 hivi. Mteja alisikia ahadi moja: endesha, usijishughulishe.

Injini hazikukubaliana na ahadi hiyo. Mkanda ulioko kwenye oili chafu, au oili isiyo ya daraja lililotajwa, hulainika na kumenyeka. Vipande vyake huziba chujio la pampu, na turbo ndiyo ya kwanza kunyimwa oili. Injini ndogo yenye msukumo mkubwa wa hewa ikibanwa kupanda mlima kwa gia kubwa na mzunguko wa chini, petroli huweza kuwaka kabla ya cheche ya plagi na kupasua pistoni. Uchunguzi ulionyesha kwamba kalsiamu katika dawa za kusafishia zilizomo kwenye oili huchochea balaa hilo, na ndiyo sababu Taasisi ya Petroli ya Marekani ikaweka daraja jipya la oili, SN Plus, mwaka 2018, kisha SP mwaka 2020. Hebu tulipime hilo. Oili, ambayo kwa madereva wengi ni kitu cha kununua popote ilipo rahisi, imekuwa sehemu ya injini sawa na pistoni. Aliyebuni injini anajua. Aliyeiandikia daraja anajua. Anayeimimina, mara nyingi, hajaambiwa.

Hapa kuna pingamizi la haki. Yapo matatizo ambayo hakuna mwenye gari ambaye angeyazuia, hata angemwaga oili kila mwezi. Mwishoni mwa mwaka 2023 Ford iliyaita zaidi ya magari 139,000 nchini Marekani yenye injini hiyo ya lita moja kwa sababu ya hitilafu katika mfumo unaoendesha pampu ya oili. Mwaka 2024 Stellantis ilirefusha dhamana ya injini zake za lita 1.2 barani Ulaya hadi miaka 10 au kilomita 175,000 kwa ajili ya lawama za mkanda wa ndani na ulaji wa oili, na injini zake mpya zaidi zimerudi kwenye cheni. Nakubali kabisa: kumlaumu mwenye gari kwa kosa la michoro ni dhuluma. Lakini tazama ni nini kilichoharibika katika mikasa hiyo miwili. Wala si gurudumu la Büchi. Ni njia ya oili, na hasa ni uamuzi wa kuweka kitu kinachochakaa mahali ambapo fundi hawezi kukiona bila kufungua injini. Kosa la mbuni na uzembe wa mwenye gari vinakutana mahali pamoja, kwenye mlango uliofungwa.

Wengine watasema basi jibu ni jepesi: nunua injini isiyo na turbo, yenye vitu vichache vya kuharibika. Kwa mtu asiye na fundi wa kuaminika, au anayeishi mbali na duka la oili halisi, ushauri huo ni wa busara na sitaupinga. Tatizo ni kwamba uchaguzi huo unapungua mwaka hadi mwaka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo kinachouzwa Ulaya na Japani leo ndicho kitakachoteremka Mombasa kesho kutwa. Na kuna jambo zito zaidi. Ratiba ndefu ya oili humfaa mnunuzi wa kwanza, anayekaa na gari miaka mitatu au minne na kuliuza kabla masizi hayajamdai. Deni linarithiwa na mnunuzi wa pili, aliye ng'ambo ya bahari, anayepokea gari linalong'aa, bila daftari la sevisi au likiwa na daftari asiloweza kulisoma. Anapofunga turbo mpya bila kusafisha njia ya oili, anazika maiti bila kuuliza ugonjwa, na turbo ya pili hufa kwa ugonjwa ule ule.

Kwa hiyo hofu ya turbo ni hofu halali iliyokosa anwani. Swali la kumwuliza muuzaji halipaswi kuwa kama gari lina turbo. Liwe ni nani aliyeilinda oili yake, na ushahidi uko wapi. Asipokuwa na jibu, hesabu gharama ya kufungua sampu, kusafisha chujio na kukagua mkanda au cheni kabla ya kukubali bei. Gari likishakuwa lako, tafuta daraja la oili lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, imwage kila kilomita 5,000 hadi 7,500 badala ya kungoja 30,000, pima kiwango chake kila wiki, na usiizime injini ikiwa imetoka kukimbia. Na serikali zetu, ambazo zinahesabu umri wa gari bandarini, zidai pia rekodi ya sevisi iliyotafsiriwa, maana miaka minane ya gari lililotunzwa na miaka minane ya gari lililotelekezwa si umri mmoja. Meli za mwaka 1926 zilikuwa na mtu wa zamu. Gari lako nalo linamhitaji, na mtu huyo ni wewe.