Lita moja si kilo moja! (Kasoro maji tu)

Leo naomba tuache siasa kidogo tuongelee jambo la darasani ambalo nusura lizue ugomvi kibandani kwa mama mdogo.

Mama mdogo anapika maandazi na chapati. Mafuta ananunua kwa dumu la lita 20. Siku hiyo kapata wazo, kaliweka dumu kwenye mzani wa jirani anayeuza mchele. Mzani ukasoma kilo 19 na ushee, tena pamoja na dumu lenyewe. Weee! Mama akapandisha: "Nimelipia ishirini, nyingine iko wapi?" Muuza mafuta anaapa, mama haelewi.

Ukweli ni kwamba hakuibiwa. Lita inapima nafasi, yaani kitu kimejaza chombo kiasi gani. Kilo inapima uzito. Tumezoea kuvichanganya kwa sababu ya maji: lita 1 ya maji ina karibu kilo 1 kamili. Na hiyo si bahati. Wafaransa walipotunga vipimo hivi miaka ya 1790 waliyatumia maji kuamua gramu iwe nzito kiasi gani. Leo kilo haitegemei tena maji (tangu mwaka 2019 inapatikana kwa hesabu za fizikia), ila uwiano wenyewe umebaki palepale.

Vitu vingine havikuwemo kwenye mapatano hayo. Kila kimoja kina densiti yake, yaani uzito uliomo ndani ya nafasi ileile. Chukua chupa ya lita 1, ijaze, halafu pima (bila chupa):

- Petroli: kama kilo 0.74
- Mafuta ya taa: kama kilo 0.8
- Dizeli: kama kilo 0.84
- Mafuta ya kupikia: kilo 0.92
- Maji ya bomba: kilo 1
- Maji ya bahari: kilo 1.025
- Maziwa ya ng'ombe: kama kilo 1.03
- Asali: kama kilo 1.4
- Mchanga mkavu: kama kilo 1.6
- Zebaki: kilo 13.6

Kwa hiyo lita 20 za mafuta ya kupikia ni kilo 18.4. Ongeza uzito wa dumu, unapata ile 19 na ushee. Hesabu imekaa sawa. Lakini angekuwa amelipia KILO 20 halafu akapewa dumu hilohilo la lita 20, hapo angekuwa amepigwa kilo 1.6, karibu lita moja na robo tatu! Kwa hiyo kabla hujatoa hela uliza: bei hii ni ya lita au ya kilo? Kwenye asali ni kinyume. Ukilipia lita ukapimiwa kilo moja, umepata chupa isiyofika robo tatu.

MAZIWA YALIYOTIWA MAJI

Vituo vya kukusanya maziwa vina kifaa kinaitwa laktomita. Ni kijiti cha kioo kinachoelea. Maziwa ni mazito kuliko maji, kwa hiyo yakitiwa maji kijiti kinazama zaidi na mchezo unajulikana. Ila wajanja nao wapo. Malai ni mepesi, ukiyaengua maziwa yanayobaki yanakuwa mazito zaidi, halafu ukiongeza maji kidogo kipimo kinarudi kama kawaida. Ndiyo maana kifaa hiki peke yake hakitoshi.

DHAHABU YA MTAANI

Lita 1 ya dhahabu safi ina kilo 19.3. Zile muvi ambazo jamaa anakimbia na begi limejaa dhahabu ni uongo mtupu: begi la lita 20 lingekuwa na kilo 386!

Ukiuziwa pete, fanya hivi. Weka kikombe cha maji kwenye mzani mdogo wa dijitali, urudishe kwenye sifuri. Ning'iniza pete kwa uzi mpaka izame, isiguse chini. Namba inayotokea ni nafasi ya pete kwa mililita. Gawa uzito wa pete kwa namba hiyo. Dhahabu safi inatoa kama 19, ya karati 18 kama 15 hivi. Ikitoka 8 na kitu, hiyo ni shaba nyeupe au ndugu zake. Onyo: madini ya tungsteni nayo yanatoa karibu 19.3, kwa hiyo jibu zuri halimaanishi umepona.

KUELEA NA KUZAMA

Kanuni ni rahisi: chepesi kuliko maji (kwa nafasi ileile) kinaelea, kizito kinazama. Barafu ni 0.92, ndiyo maana inaelea kwenye glasi huku sehemu kubwa ikiwa chini. Mbao nyingi zinaelea, lakini kipande cha mpingo kikavu kinazama kama jiwe kwa sababu kinafika 1.2. Meli ya chuma inaelea kwa vile ndani imejaa hewa. Hewa ikitoka maji yakaingia, kwisha habari.

Sasa sikilizeni mambo mawili, haya ndiyo yaliyonifanya niandike.

La kwanza: mwili wa binadamu una densiti karibu sawa na maji, kwa hiyo anayezama anahitaji msaada wa kilo chache tu ili kichwa kikae juu. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko linaweza kubeba karibu kilo 19. Ukiona mtu anazama ziwani au baharini, usijirushe kichwakichwa kama hujui kuokoa. Mtupie dumu, likiwa na kamba ni bora zaidi.

La pili: mafuta ya kikaangio yakishika moto, USIMWAGE MAJI. Maji ni mazito, yanapita chini ya mafuta, yanachemka papo hapo kuwa mvuke na kuyarusha mafuta yanayowaka mpaka dari. Zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko, liache lipoe. Petroli nayo inaelea juu ya maji, kwa hiyo ukiimwagia ndoo unautembeza moto tu.

Mama mdogo tulimpimia lita moja ya maji na lita moja ya mafuta mbele ya macho yake. Akanyamaza, kisha akaenda kumwomba radhi muuza mafuta. Yule bwana alicheka, akamwongezea kikombe kimoja cha bure.

Nawe una kisa cha mizani? Tupia maoni hapo chini.