KARAKANA NA DARASA
Habari za Mafunzo ya Ufundi katika Shule Zetu, na Shauri kwa Wazazi

Katika kitabu hiki cha Jubilei mtasoma habari za makanisa yaliyojengwa, na za mapadre na waalimu waliotutangulia. Sisi tumepewa kueleza jambo moja ambalo kwa desturi husahauliwa siku za sikukuu, nalo ni karakana. Maana misheni nyingi za zamani katika nchi hizi zilikuwa na kanisa, na shule, na karakana pia. Na shauri la kwamba ipi kubwa, shule au karakana, halijakwisha hata leo. Tena lina haja kubwa sasa. Tangu Januari 2024 watoto wa Tanzania waingiao kidato cha kwanza wameanza kuwekewa njia mbili, yaani mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na wazazi wengi hutujia waalimu wakiuliza waifuate ipi. Si vema kuwajibu pasipo kujua njia hizi zilikotoka.

Tuanze Unguja. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa U.M.C.A. alipofika huko, Sultani Majid alimpa watoto wanaume watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Watoto hao hawakuwa na baba wala mama, wala shamba la kurithi. Kwa hiyo misheni ililazimika kuwaza tangu siku ya kwanza: mtoto huyu akikua, atakula nini? Huo ndio mzizi wa mafunzo ya ufundi kwetu. Hayakuanza kwa sababu ya kudharau vitabu, bali kwa sababu ya haja.

Basi ikawako shule ya wavulana Kiungani, na baadaye nyumba ya wasichana Mbweni. Walioonekana wepesi wa masomo waliendelea ili wawe waalimu na mapadre. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, alipewa upadre mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile. Wengine walitiwa katika uashi, useremala, na kazi ya kupiga chapa. Na wasichana walifundishwa kushona, kufua na kupika. Kadhalika Mapadre wa Roho Mtakatifu, walipofika Bagamoyo mwaka 1868, walifanya kijiji cha watu waliokombolewa, chenye mashamba na karakana, wakafundisha kazi za mikono pamoja na dini na kusoma.

Kazi ya mafundi wa siku zile yaonekana hata sasa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu pale Mkunazini. Askofu Steere mwenyewe alisimamia ujenzi. Husimuliwa kwamba Askofu alipokuwa safarini mafundi walisimamisha nguzo kadha za mawe kichwa chini miguu juu, nazo zimeachwa vivyo hivyo. Wageni huonyeshwa nguzo hizo wakacheka. Lakini sisi twauliza: mtu asiyepata kuona nguzo ya namna ile, wala kufundishwa kusoma mchoro, atajuaje upande wa juu? Mikono ya mafundi wale ilikuwa hodari, na ushahidi ni kwamba kanisa lasimama. Waliyonyimwa ni elimu ya kalamu iliyopasa kwenda pamoja na nyundo.

Hapo twaona kasoro iliyotufuata miaka mingi. Watoto walipangwa kwa kuchujwa: aliyefaulu vitabu alipewa vitabu zaidi, na aliyeshindwa alipewa patasi. Hakuulizwa kama mkono wake wapenda mti au chuma. Ufundi ukawa kama kapu la makombo, na watu wakaujua hivyo.

Wakati wa Wadachi Serikali ilifungua shule Tanga katika miaka ya 1890, ikawa na karakana zake na mtambo wa kupiga chapa, na huko ndiko lilikochapwa gazeti la Kiongozi. Shule ile ilitoa mafundi, lakini sifa yake kubwa ilitoka kwa makarani na waalimu wake, ambao Serikali iliwatuma katika wilaya mbalimbali. Kijana aliyemwona karani akivaa kanzu safi na kupokea mshahara kila mwezi hakuhitaji kuhubiriwa. Aliona kwa macho yake kalamu inakompeleka mtu.

Baada ya Waingereza kuishika Tanganyika, mwaka 1924 baraza la Phelps-Stokes kutoka Marekani lilizunguka Afrika ya Mashariki kuchungua shule. Mkuu wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na pamoja naye alikuwamo Dk. James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Baraza lilishauri elimu ifuatane na maisha ya kijijini: kilimo, afya, nyumba bora, kazi za mikono. Mfano wao ulikuwa shule za watu weusi wa Marekani, kama Tuskegee, iliyoanzishwa na Booker T. Washington mwaka 1881. Lakini yafaa kukumbuka kwamba huko huko Marekani msomi mweusi, W. E. B. Du Bois, alikuwa ameipinga njia ile tangu mwaka 1903, akisema kwamba watu wakifundishwa kazi za mikono tu, watakosa viongozi na haki zao. Mwaka 1925 Serikali ya Uingereza ilitoa waraka uliofuata kwa sehemu kubwa shauri la namna ya Phelps-Stokes, na shule za misheni zikapewa msaada wa fedha kwa masharti ya Serikali.

Wazazi walionaje? Wengi hawakupendezwa. Katika miaka ya 1930, shule ya Nyakato kule Bukoba ilipoelekezwa katika kilimo, Wahaya walinung'unika. Walijua kulima kabla ya shule kuja. Walitaka Kiingereza na vitabu. Wako waliowaita wazazi wa namna hiyo wavivu wapendao kivuli. Sisi hatuoni hivyo. Mzazi alipima kwa mizani iliyokuwako. Karani alilipwa vizuri kuliko seremala, na mlango wa shule za juu ulifunguliwa kwa mtihani wa vitabu. Tena aliyemshauri mwanawe ashike jembe alimpeleka mwana wake mwenyewe chuo kikuu. Mzazi mwenye akili angefanya nini?

Mwaka 1951 Serikali ilifungua shule ya ufundi Ifunda, karibu na Iringa, mahali palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita. Na mwaka 1957 ikafuata ya Moshi. Hapo ufundi ulipata heshima mpya. Wavulana walitoka katika shule za kati, wakafundishwa ufundi wenye jina na kiasi: uashi, useremala, umeme, magari, mabomba. Wakaenda pia kwa waajiri kujifunza kazi chini ya mastadi. Baada ya Uhuru wa 1961 shule hizo mbili ziligeuzwa kuwa sekondari za ufundi, ambamo kijana aliweza kushika kalamu na nyundo pamoja, na kuendelea mbele kama akiweza.

Kisha Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alionya kwamba shule zilikuwa zikiwatayarisha wachache kwa masomo ya juu, na kuwasahau wengi ambao watabaki vijijini. Katika miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara, na sayansi kimu. Nia ilikuwa njema. Lakini angalieni: kwa kawaida mtoto hakuuchagua mchepuo. Alipangiwa shule, na shule ilikuwa na mchepuo wake. Aliyependa mashine alijikuta katika ng'ombe, na aliyependa ng'ombe alijikuta katika vitabu vya hesabu za duka. Na mahali pengi vifaa vilipoharibika havikurudishwa, fundisho likawa la ubaoni tu.

Mwaka 1985 wachunguzi wawili wa Benki ya Dunia, George Psacharopoulos na William Loxley, walitoa kitabu juu ya shule za michepuo katika Colombia na Tanzania. Waliona kwamba wanafunzi walijifunza kweli somo la mchepuo wao, lakini hawakuona kwamba jambo hilo liliwapatia kazi upesi au mshahara mkubwa kuliko wenzao, ilhali shule hizo ziligharimu zaidi. Miaka 20 kabla yao, yaani mwaka 1965, Philip Foster aliandika habari za Ghana, akasema kwamba vijana hawachagui kazi kwa sababu ya ratiba ya shule, bali kwa sababu ya malipo na heshima wanayoiona mjini. Maneno hayo yafanana na yale tuliyoyaona Tanga na Bukoba.

Baadaye sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, na watu wengi wamepata riziki kwa vyuo vyake. Na sasa limekuja hili la mkondo wa amali, ambalo laurudisha ufundi ndani ya sekondari yenyewe. Mwanafunzi wa mkondo huu hujifunza fani yake, nayo yaweza kuwa ujenzi, umeme, magari, ushonaji, kilimo au nyingine, pamoja na Hisabati na Kiingereza na masomo mengine ya wote. Basi kalamu haikutupwa.

Je, mzazi achague ipi? Sisi hatutamchagulia. Lakini historia yatufundisha maswali manne ya kuuliza kabla ya kutia sahihi.

Kwanza, mtoto mwenyewe asemaje? Asipelekwe katika amali kwa sababu ameshindwa Hisabati, maana fundi wa umeme asiyejua hesabu ni hatari kwa nyumba na kwa nafsi yake. Wala asizuiliwe kwa sababu amefaulu. Na binti asipewe cherehani kwa kuwa ni binti tu. Muulizeni kama hapendi nyaya za umeme.

Pili, karakana ikoje? Mzazi aende akaione. Ahesabu meza na zana, aulize wanafunzi wangapi hutumia chombo kimoja, na umeme hupatikana siku ngapi. Shule isiyo na zana haina amali, hata ikiandikwa mlangoni.

Tatu, mwalimu ni nani? Je, amepata kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake, au ameisoma tu? Na kama shule haina stadi wa kutosha, je, yuko fundi jirani atakayewapokea wanafunzi wakajifunze kwake?

Nne, mlango wa mbele uko wapi? Aulize mtoto atatoka na cheti gani, chuo gani chakikubali, na ni nani katika wilaya yetu ahitajiye kazi hiyo.

Nasi waalimu na makatekista tuna deni letu. Siku ya kutangaza matokeo, tusiwataje kanisani waliochaguliwa kidato cha tano peke yao, tukanyamaza juu ya kijana aliyemaliza uashi. Parokia inapotaka viti au paa, impe kazi kijana huyo kwa bei ya haki na imlipe kwa wakati, isimwombe afanye bure kwa jina la sadaka. Mtume Paulo alishona mahema, wala hakuna aliyemdharau kwa hilo. Watoto wetu watauamini ufundi siku watakapoona fundi analipwa, na kuheshimiwa, na kukalishwa katika baraza la wazee pamoja na mwalimu.