Kutoka Kinjumbi Kwenda Dar es Salaam

Wazee wa Kinjumbi, kama wenzao wote wa pwani ya Kilwa, hawakuijua safari ya siku mbili kwenda Dar es Salaam. Kwani mji huo, aliouasisi Sayyid Majid bin Said katika miaka ya 1860 jirani na kijiji cha Mzizima, ulifikiwa kwa jahazi lililosubiri pepo za kusi, ama kwa njia ya bara, ambako mto Rufiji ulimzuia msafiri asivuke ila kwa kivuko cha Ndundu, na masika yakizidi hulala ng'amboni pamoja na mizigo yake.

Ada hiyo iligeuzwa na Daraja la Mkapa, lenye urefu wa takribani mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Sasa vijana huondoka Ijumaa baada ya sala, sahibu kwa sahibu, wakazunguka Kariakoo, mtaa uliorithi jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, na Jumapili wakarejea. Nawasihi wanapovuka wautazame mto, wawakumbuke waliokesha ukingoni.