Azimio la Musoma na Cheti cha Kidato cha Sita

Wasikilizaji wangu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo napenda kuwaeleza habari za cheti cha kidato cha sita: jinsi kilivyokuwa cha watu wachache mno, jinsi njia yake ilivyopanuliwa, na kwa nini wengi wanaoianza njia hiyo hawaimalizi. Habari hizi zauhusu sana mji wa Musoma. Nyasho na Mwisenge ni kata za mji huo mmoja, na mtu atokaye Nyasho asubuhi kwenda Mwisenge hahitaji kulala njiani. Lakini katika mji huo mdogo kando ya Ziwa Nyanza yalitokea mambo mawili ambayo kila mwanafunzi wa historia yampasa kuyajua, la kwanza mwaka wa 1934, na la pili mwaka wa 1974.

Mwaka wa 1934 mtoto wa miaka kumi na miwili, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alitoka Butiama akaenda Mwisenge kuanza shule. Safari ile ni kama maili 26. Mtoto huyo ni Julius Nyerere. Mwaka wa 1937 akaingia shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka wa 1925, akamaliza mwaka wa 1942. Mwaka wa 1943 akaenda Makerere katika nchi ya Uganda, kwa kuwa Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Tazameni basi umbali wa njia yenyewe: Butiama, Mwisenge, Tabora, Makerere. Kila hatua ilikuwa mbali zaidi na nyumbani, na katika kila hatua wengi waliachwa nyuma. Hawakuachwa kwa kukosa akili. Nafasi zilikuwa chache, na aliyezikosa alirudi kuchunga ng'ombe au kuvua samaki.

Sasa tufanye hesabu kidogo, na wanafunzi washike kalamu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka wa 1961 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Wanafunzi wote wa shule za sekondari walikuwa 11,832. Kati ya hao, waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176 tu. Gawanyeni 11,832 kwa 176, mtapata 67 na kidogo. Yaani katika kila wanafunzi 67 wa sekondari, mmoja ndiye aliyekuwa katika darasa la mwisho. Lakini mwe waangalifu na hesabu hii. Haisemi kwamba 66 walishindwa, maana wengi walikuwa bado katika madarasa ya chini, na shule zilikuwa zikiongezeka. Inasema tu kwamba mlango wa mwisho ulikuwa mwembamba kuliko tundu la sindano. Watu 176 hawatoshi kujaza hata kijiji kimoja, na nchi nzima iliwatazamia wao wawe madaktari, mahakimu, wahandisi na walimu wa walimu.

Jambo lililo haba huwa ghali, na mwenye kitu ghali hujiona. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam hadi Ikulu. Walipinga amri ya kwamba wamalizao masomo ya juu waingie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha wafanye kazi kwa muda huku wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara. Rais Nyerere, yule mtoto wa Mwisenge, aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao wapatao 400. Tena akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Swali lililomsumbua lilikuwa wazi: mkulima amelipa kodi ili kijana huyu asome, naye kijana anamlipa nini mkulima?

Jibu lake aliliandika mwaka uliofuata, 1967, katika Elimu ya Kujitegemea. Alionyesha kwamba wanafunzi wa sekondari walikuwa wamefika 25,000, na wa kidato cha sita 830. Hata hivyo, katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, ni 13 tu walioweza kupata nafasi ya sekondari. Kwa hiyo, alisema, si haki shule ya msingi kuwa maandalio ya hao 13 peke yao, na wale 87 wajione kuwa wameshindwa maisha wakiwa bado watoto.

Ndipo tunafika Musoma. Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji huo, ikatoa Azimio la Musoma. Azimio lilikuwa na mambo mengi, lakini mawili ndiyo yaliyobadili maisha ya watu. La kwanza, watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977, badala ya kungoja mwaka wa 1989 kama ilivyopangwa hapo kwanza. La pili, kijana amalizaye kidato cha sita asiende moja kwa moja Chuo Kikuu. Atumikie Taifa, kisha afanye kazi miaka isiyopungua miwili, na wale waliomwona kazini watoe ushuhuda wa tabia na bidii yake. Mtihani pekee usiwe hakimu. Na kazi za mwanafunzi za kila siku zihesabiwe pamoja na mtihani wake wa mwisho.

Je, mambo haya yalitimia? Historia yatutaka tuseme kweli pande zote mbili. Lile la kwanza lilileta mavuno makubwa. Shule zilijengwa vijijini kwa mikono ya wananchi, na watoto ambao baba zao hawakuwahi kushika kalamu wakaandikishwa. Lakini walimu hawakutosha. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huko huko vijijini, wakapewa madarasa. Na juu ya shule ya msingi mlango wa sekondari haukupanuliwa kwa kadiri ile ile. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, shule za sekondari za Serikali hazikuchukua hata watoto 5 katika kila 100 waliomaliza darasa la saba. Mto ulipanuliwa kwenye chanzo, bali daraja likabaki la mti mmoja.

Lile la pili lilikuwa na nia njema, lakini lilipata matatizo upesi. Msichana aliyetoka shuleni akaanza kazi, mara nyingi aliolewa na kupata watoto, na njia ya Chuo Kikuu ikamfungia. Kijana wa hesabu na sayansi aliyekaa ofisini miaka miwili alirudi amesahau mengi, na masomo hayo yakakosa watu wa kutosha. Haukupita muda mrefu wasichana wakaondolewa sharti lile, na katika miaka ya 1980 sharti lenyewe likaachwa. Hata hivyo, swali la Azimio halikuachwa pamoja nalo. Cheti ni cha nani? Ni cha mwenye jina lililoandikwa juu yake, au pia ni cha wale waliomlipia?

Tuyapitie mambo ya baadaye kwa haraka. Tangu mwaka wa 1973 nchi yetu ina Baraza lake la Mitihani, lililowekwa kwa sheria. Kabla ya hapo vijana wetu walifanya mitihani ya Cambridge, kisha ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Mwaka wa 2004 ulianza mpango mkubwa wa sekondari, na shule za kata zikaenea kila upande. Wazazi walibeba mawe, mchanga na maji. Mwezi wa Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikaondolewa katika shule za Serikali, na mwaka wa 2022 ikaondolewa ya kidato cha tano na cha sita. Mwezi wa Novemba 2021 wasichana waliokatizwa masomo kwa uzazi wakaruhusiwa kurudi darasani.

Haya yote ni mambo ya kushukuru. Lakini kuingia ni jambo moja, na kumaliza ni jambo jingine. Mwezi wa Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, watahiniwa kama 6 katika kila 10 walipata sifuri. Nchi nzima ilitetemeka, na mwezi wa Mei matokeo yale yakafutwa, yakapangwa upya. Watoto wale hawakuwa wapumbavu kuliko wa mwaka wa 1961. Wengi walisoma katika shule zenye kuta na mabati, lakini zisizo na mwalimu wa hesabu, wala maabara, wala vitabu vya kutosha. Tena shule nyingi za kata huishia kidato cha nne, na apendaye kuendelea hana budi kwenda mbali, kama alivyokwenda yule mtoto wa Butiama.

Watu wa pwani wana methali: mwanzo kokochi, mwisho nazi. Kokochi ni nazi ikiwa bado changa kabisa, haina tui wala nyama. Mtoto aliyeandikishwa kidato cha kwanza ni kokochi. Baba asijisifu bado, wala mwenyekiti wa kijiji asiseme kazi imekwisha kwa kuwa majina yamejaa daftarini. Mimi ninafundisha walimu, nami nawaambia daima: ukiingia darasani Januari, hesabu vichwa, ukifika Novemba, vihesabu tena. Ikiwa vimepungua, nenda ukaulize majumbani. Mmoja amepelekwa ziwani kuvua dagaa. Mwingine anachunga. Wa tatu ni msichana ambaye ng'ombe za mahari yake zimekwisha kutajwa. Hizo ndizo sababu, nazo hazionekani katika karatasi ya matokeo.

Nanyi wazazi wa Nyasho, Bunda, Butiama na kwingineko, fanyeni hesabu hiyo hiyo katika mitaa yenu. Waandikeni watoto wote walioanza sekondari pamoja mwaka mmoja. Baada ya miaka minne, ulizeni wangapi wamepata cheti, na baada ya miaka sita, ulizeni tena. Mkutano wa kijiji na usomewe hesabu hiyo kama usomewavyo hesabu ya fedha, na kila jina lililopotea litafutwe lilipopotelea.