Kituliza Ubongo Si Usingizi

Ingia duka la dawa karibu na Soko Kuu la Arusha uombe "dawa ya usingizi". Muuzaji makini hatanyoosha mkono rafuni. Atakuuliza kwanza, "Ya nani, kaka? Na daktari kasemaje?" Ana haki ya kuuliza, maana jina hilo moja linabeba vitu vitatu.

Cha kwanza ni dawa ya chumba cha upasuaji. Kiswahili kinayo istilahi yake, nusukaputi, lakini hospitalini anayeitoa huitwa daktari wa usingizi. Cha pili ni vidonge vya jamii ya diazepamu, ambavyo huandikwa kwa ajili ya wasiwasi mkali, kukosa usingizi, degedege au misuli iliyokakamaa. Cha tatu ni dawa za mzio kama Piriton. Hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya kulaza mtu, ila huleta usingizi, na wapo wanaozimeza kwa sababu hiyo tu.

Kundi la pili ndilo linalohitaji jina lake. "Dawa ya kutuliza" haitoshi, kwa kuwa msikilizaji atafikiria maumivu ya kichwa. "Dawa ya kulevya" imeshachukuliwa na sheria, na huko Arumeru, mkoani Arusha, humkumbusha mtu mashamba ya bangi ya Kisimiri Juu yaliyofyekwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Napendekeza kituliza ubongo, kwa mfano wa kituliza maumivu tulichokizoea. Ni dawa inayopunguza kazi za ubongo hadi mtu atulie, asinzie, au apoteze fahamu kabisa, kulingana na aina na kipimo.

Diazepamu iliingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium, ikitengenezwa na kampuni ya Roche ya Uswisi. Ubongo una kemikali yake ya kujizuia, iitwayo GABA. Kidonge huiongezea nguvu, na seli za ubongo zikapunguza kupashana habari. Hipokampasi, sehemu inayopokea mambo mapya na kuyaandaa yawe kumbukumbu, nayo huzubaa. Ndiyo maana aliyemeza anaweza kuzungumza, kujibu simu, hata kula, na kesho yake asikumbuke lolote, ilhali ya juzi anayo yote. Hali hiyo tuiite usahaulifu wa mbele, kwa kuwa kinachopotea ni kinachokuja baada ya dawa, si kilichotangulia. Madaktari huitumia kwa makusudi: midazolamu, ndugu wa diazepamu, hutolewa kabla ya upasuaji ili mgonjwa asibaki na kumbukumbu ya hofu. Wahalifu nao wanaijua. Nairobi, "kuwekewa mchele" ni kutiliwa dawa za namna hii kwenye kinywaji, na aliyeibiwa huamka asijue nani alikaa naye mezani.

Wengi hudhani saa nane za kidonge ni sawa na saa nane za kulala. Sivyo. Aliyelala ubongo wake unafanya kazi: katika usingizi mzito hupitia upya mambo ya mchana na kuyaimarisha, na usingizi wa ndoto nao una sehemu yake. Diazepamu hupunguza vyote viwili, na mabaki yake hukaa mwilini kwa siku kadhaa. Asubuhi mtu ameamka, lakini akili bado nzito.

Kukesha nako kuna madhara yake. Wapanda Mlima Meru huondoka kibanda cha Saddle, mita zipatazo 3,570, saa saba au saa nane usiku ili jua liwakute kileleni, mita 4,566. Aliyeamka saa sita usiku, ikifika saa kumi na moja jioni anatimiza saa 17 macho. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba baada ya muda huo, mtu hufanya kazi za mikono na macho kama aliyekunywa pombe hadi kufikia asilimia 0.05 katika damu. Mwingine wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa wanaolala kwa muda wa saa sita kila usiku kwa wiki mbili mfululizo hufikia udhaifu wa aliyekesha usiku mzima, nao wakijiona wako sawa. Hilo ndilo deni la usingizi, na mdaiwa hana habari nalo.

Saddle, ambako hewa ina takriban theluthi mbili tu ya oksijeni ya pwani, usingizi huwa wa vipande vipande, na mgeni hushawishika kumeza kidonge. Diazepamu hupunguza msukumo wa kupumua. Mwenye oksijeni kidogo huzidi kuikosa, kisha usiku uleule aamshwe kutembea gizani kwenye ukingo mwembamba wa mlima. Waongozaji na wagumu wanaobeba mizigo wakimwona mteja anapepesuka au anauliza jambo lilelile mara ya tatu, wasiseme ni uchovu tu. Wamuulize alichomeza, na wasimruhusu apande zaidi.

Kwa wewe usiyepanda mlima: usinunue kituliza ubongo bila cheti, usikichanganye na pombe, na usishike usukani baada yake. Kama umekitumia kwa wiki nyingi, usikiache ghafla, maana unaweza kupata degedege. Rudi kwa daktari akupunguzie kidogo kidogo. Na dukani usiseme tena "dawa ya usingizi". Taja jina la dawa iliyoandikwa kwenye cheti chako.